Zabuni ya Mashuka ya Hospitali

Kwa dobi hakuna asubuhi ya polepole. Jua likichomoza, maji yamekwisha kuchemka, mashine kubwa inanguruma, na Bibi amesimama kwenye meza yake ya pasi. Mkono wake unafanya kazi, na mdomo wake pia. Bibi ni mama wa mwenye kazi. Mwenye kazi mwenyewe watu humwita Povu, jina alilolipata utotoni kwa kuchezea sabuni ya mama yake. Mke wa Povu naye huitwa Katibu, maana kila karatasi ya nyumba ile hupita mikononi mwake.

Mambo yao yalikuwa mazuri. Kisha hoteli iliyokuwa ikiwaletea mashuka ikanunua mashine zake yenyewe. Sasa mashine kubwa ilinguruma asubuhi tu, halafu ikanyamaza mpaka kesho. Ukimya ule ulimtia Katibu hofu kuliko kelele yoyote.

Povu naye alikuwa mkimya. Rafiki yake alikuwa amempigia simu kutoka mji wa mbali. Kiwanda cha huko kilitaka mtu wa kuendesha mashine za kufulia. Angelala bwenini na kurudi nyumbani mara moja kwa mwaka. Jibu lilitakiwa mwisho wa mwezi.

"Nikienda, ninyi mtakula," Povu alisema.

"Tutakula, ndiyo," mkewe alijibu. "Na watoto watakujua kwa picha."

Povu alichukua ndoo akatoka nje, ingawa ndoo ilikuwa tupu na nje hakukuwa na kazi.

Siku hizo ndipo Katibu alipoona tangazo kwenye tovuti ya hospitali ya mji wao. Hospitali ilitafuta mtu wa kufua mashuka na majoho ya wagonjwa kwa mwaka mzima. Hiyo ndiyo zabuni. Anayetoa kazi anatangaza anachotaka. Kila anayeitaka kazi anaandika ataifanyaje na kwa bei gani. Kisha anayetoa kazi anachagua. Mwisho wa kupokea ulikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi.

Katibu alifungua nyaraka za zabuni, akaanza kusoma. Kurasa zilikuwa nyingi. Kila ukurasa ulikuwa na maswali. Alipofika katikati alikuwa amekwisha kusahau ya mwanzo.

Mtu mmoja sokoni alimwambia kuna programu ya kompyuta ya kuandalia zabuni. Katibu aliipakua kwenye kompyuta yao ndogo, ile waliyoinunua mkononi mwa mtu. Aliiwekea nyaraka za hospitali. Programu ilizisoma, ikachambua maswali yote na kuyapanga, kila swali na kisanduku chake cha jibu. Pembeni kulikuwa na kitufe kimeandikwa *Jaza yote*.

Katibu alikibonyeza. Visanduku vyote vikajaa maneno, vikageuka kijani.

"Mungu mkubwa," alisema. Aliandika bei, akatia sahihi mahali pa sahihi, akaipeleka zabuni siku ileile ya Jumatano. Jioni alikula vizuri kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Alhamisi asubuhi alitaka kujisifu kidogo. Alikaa kwenye kiti karibu na meza ya pasi, akaanza kumsomea mama mkwe wake.

"Sikiliza, Mama. 'Tuna vyumba vitatu vilivyotengwa kwa kuta. Nguo chafu huingia kwa mlango mmoja, na safi hutoka kwa mlango mwingine. Tuna wafanyakazi thelathini na magari mawili yaliyofunikwa.'"

Bibi aliisimamisha pasi wima.

"Huyo dobi ni nani?"

"Ni sisi, Mama."

"Sisi?" Bibi aliangalia kushoto, akaangalia kulia. "Hao thelathini wamejificha wapi? Basi nielekeze huyo dobi, na mimi nimpelekee mashuka yangu."

Katibu alicheka. Kisha akairudia ile sentensi ya thelathini. Alirudi kwenye kompyuta mbio. Juu ya visanduku, kwa herufi ndogo ambazo jana hakuzitazama, paliandikwa: *Majibu ya mfano. Badilisha kabla ya kutuma.*

Alifungua tena nyaraka za hospitali. Ukurasa wa tamko, ule alioutia sahihi, ulisema hivi: mwenye kutoa taarifa za uongo ataondolewa, na hataruhusiwa kuomba tena kazi ya hospitali. Ukurasa uliofuata ulisema wakaguzi watamtembelea kila anayefikiriwa kupewa kazi.

Alimwita mumewe. Povu alisoma akiwa amesimama. Kisha akakaa.

"Labda tuache tu," alisema kwa sauti ndogo. "Kila mtu hutia chumvi kwenye zabuni. Wakija, tutasema vyumba vingine vinapakwa rangi."

"Hii si chumvi, baba watoto. Hii ni bahari nzima!"

"Nguo ya kuazima haisitiri maungo," Bibi alisema. Safari hii hakuwa akitania. "Na kuna mgonjwa atakayelala juu ya hayo mashuka. Mkimwambia daktari kuna ukuta, daktari ataamini kuna ukuta. Shuka la damu litakutana na la mtoto mchanga, humuhumu ndani."

Povu aliinamisha kichwa. Alijua mama yake amesema kweli. Pia alijua kwamba bila kazi hii ni lazima afunge mizigo. Mambo hayo mawili yalimkaba siku nzima. Katibu naye alipiga pasi mkono mmoja wa shati mara tatu bila kujua.

Ghorofa ya juu aliishi jirani yao, mama mmoja aliyekuwa afisa manunuzi katika idara ya maji. Kazi yake ilikuwa kupokea zabuni za watu na kuzisoma. Jioni, aliporudi kutoka kazini, alimkuta Katibu mlangoni pake.

"Hodi, dada. Nimeharibu."

"Karibu, mdogo wangu. Kaa kwanza. Uso gani huo?"

Katibu alieleza yote. Jirani alisikiliza mpaka mwisho.

"Ningekuwa ninafanya kazi hospitali ile, nisingeweza kuzungumza nawe jambo hili," alisema. "Lakini sipo huko. Siwezi kukuandikia, ila nitakuonyesha njia. Je, zabuni imekwisha kufungwa?"

"Mpaka kesho saa nne."

"Basi hujazama. Zabuni nyingi zinaruhusu kuondoa uliyopeleka na kuleta nyingine kabla ya muda kuisha. Soma masharti yao kwanza uhakikishe. Muda ukipita, huwezi kubadilisha hata nukta."

Walisoma pamoja. Ilikuwa inaruhusiwa. Katibu alipumua, kisha hofu nyingine ikamshika.

"Sasa niitupe hii programu?"

"Kosa la programu liko wapi? Pasi haijui shati ni la nani. Ukiipitisha juu ya shati la mtu mwingine, itanyoosha hilohilo." Jirani alisogeza kompyuta. "Programu inajua kutafuta maswali, na hilo wewe lilikushinda. Inajua lipi limeandikwa 'lazima'. Inajua kiambatisho gani hakijawekwa. Lakini haijawahi kufika kwenu. Maisha yenu lazima uyaingize wewe."

Walifuta majibu yote ya mfano. Visanduku vikageuka vyekundu, kimoja baada ya kingine. Katibu alitazama wekundu ule, akatamani kulia.

"Usiogope nyekundu," jirani alisema. "Nyekundu inakwambia ukweli. Sasa kwa kila swali, andika wanachouliza ni nini, sisi tunafanyaje, na tutawaonyesha nini. Usipokuwa na cha kuonyesha, usiandike. Na asikudanganye mtu kwamba anayeandika ndiye anayejua. Mwite mumeo na mama mkwe wako. Andika wanavyosema, kisha uwasomee. Wakisema 'ndiyo, hivi ndivyo,' hapo ndipo unahifadhi. Kila jibu litie tarehe, kwa sababu mambo hubadilika. Zabuni nyingine ikija, utaanza na majibu yenu wenyewe, si ya mfano."

Basi usiku ule wakakaa mezani kwao, wote watatu, kompyuta katikati. Katibu aliuliza, Povu na Bibi wakajibu. Wafanyakazi? Watano, na Bibi akiwemo. ("Mniandike mara mbili," Bibi alisema. Hawakumwandika mara mbili.) Usafiri? Mkokoteni wenye turubai, kwa sababu hospitali iko barabara ya pili. Maji ya moto? Povu alieleza jinsi anavyopima joto la mashine, na kwa nini shuka la damu huanza na maji baridi. Alieleza bila kupumzika. Mkewe aliandika, akashangaa. Miaka yote hiyo hakujua kwamba mumewe anajua mambo mengi kiasi hicho.

Visanduku vilirudi kijani, kimoja kimoja. Kimoja kiligoma. *Lazima: nguo chafu na safi zitengwe kabla ya kazi kuanza.*

Chumba chao kilikuwa kimoja.

"Hapa ndipo tunapofia," Povu alisema.

Katibu alisoma tena, polepole. "Kabla ya kazi kuanza. Hawakusema leo."

Waliangaliana. Kisha Povu akachukua kipimo cha utepe, akaanza kupima sakafu. Ukuta wa mbao ungeweza kukaa hapa. Nguo chafu zingeingia kwa dirisha kubwa la nyuma, na safi zingetoka kwa mlango wa mbele. Wakaiandikia hospitali kama ilivyo: leo tuna chumba kimoja, mkitupa kazi, ukuta utakuwepo kabla shuka la kwanza halijafika, huu hapa mchoro na hii hapa karatasi ya seremala ya gharama na siku za kujenga.

Lakini karatasi ya seremala ilifika Ijumaa asubuhi, muda ukiwa umebaki mdogo. Katibu alikumbuka jirani alivyomwonya asingoje dakika za mwisho, maana wengi hupeleka wakati huo na tovuti huwa nzito. Hakuwa na namna. Aliweka kiambatisho cha mwisho. Aliwasomea wenzake kila jibu, na wote wakasema ndiyo. Kisha kidole chake kikasimama juu ya kitufe cha kuondoa zabuni ya zamani.

Zabuni ile ilikuwa nzuri. Ilikuwa na vyumba vitatu na magari mawili. Hii mpya ilikuwa na mkokoteni.

"Ukiiondoa, hatuna kitu," Povu alisema.

"Najua."

"Na hii ikikataa kwenda?"

"Jikaze kisabuni, baba watoto," Katibu alisema, akabonyeza.

*Zabuni yako imeondolewa.* Akapeleka mpya. Alama ndogo ikazunguka kwenye kioo, ikazunguka, ikazunguka. Bibi aliacha pasi. Povu alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Kisha maneno yakatokea: *Imepokelewa.* Katibu alilaza kichwa mezani.

Kungoja kulikuwa kubaya zaidi. Wiki iliyofuata wakaguzi wawili walikuja, mwanamke na mwanamume. Mwanamke alikuwa na zabuni mkononi. Alisoma mstari, akasema, "Nionyesheni." Akasoma mwingine, "Nionyesheni." Waliangalia mkokoteni. Walihesabu watu. Mwanamume alimwuliza Povu swali la maji baridi na damu, na Povu akajibu vilevile kama ilivyoandikwa, maana maneno yalikuwa yake. Mwanamke alisimama mahali pa ukuta usiokuwepo, akatazama mchoro, akatazama sakafu, akaandika kitu. Hakutabasamu hata kidogo. Wakashukuru, wakaondoka.

"Tumekosa," Povu alisema.

Rafiki yake alipiga simu tena. "Kaka, unakuja au huji? Watu wanagombea nafasi hii." Povu aliomba siku mbili. Siku ya kwanza ikapita. Katibu alikuwa akikunja nguo za mumewe za safari wakati kompyuta ilipotoa mlio.

Alisoma barua ya hospitali kimya. Akairudia. Kisha akaisoma kwa sauti, kama alivyozoea sasa. Wamepewa kazi ya mwaka mmoja. Sharti ni moja: ukuta ukamilike na ukaguliwe kwanza. Chini, hospitali ilieleza sababu: kila kilichoandikwa kilionekana.

Seremala alianza siku ileile. Ukuta ulipokamilika na kupakwa rangi ya mafuta, wakaguzi walirudi, wakaugonga kwa vidole, wakatia sahihi. Asubuhi iliyofuata, mzigo wa kwanza wa mashuka ulipita dirisha la nyuma, na mashine kubwa ikanguruma mpaka mchana.

Lakini simu kwa rafiki yake, Povu alikuwa ameipiga siku ileile barua ilipofika. Vipande vya kwanza vya ukuta vilikuwa vimesimamishwa. Alisimama katikati ya chumba, wote wakimtazama.

"Kaka, nafasi ile mpe mwingine," alisema. "Hapana, siumwi. Nimepata kazi hapahapa nyumbani."

Alikata simu, akaenda nyuma ya ukuta ili wasimwone akilia. Ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao tu. Walimsikia wote.