Flashi Iliyoanikwa Pamoja na Dagaa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, mimi na mdogo wangu Luhende humsaidia mama kuanika dagaa. Tunaishi mwaloni, pale ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki, nje kidogo ya jiji la Mwanza, na dagaa ndio wanaotulisha na kutusomesha. Hata hivyo sijawazoea. Huwasambaza juu ya nyavu kwa ncha za vidole, kisha hunawa mpaka kwenye viwiko. Mama hunitania kwamba mimi, Modesta, nitaolewa na sabuni.

Lakini kinachonitia kinyaa zaidi si dagaa, ni mtaro. Unatoka kwenye nyumba zetu, unapita kando kabisa ya nyavu, unaishia ziwani. Mvua ikinyesha unafurika maji ya kijivu yenye mapovu, nepi za watoto na vitu vingine ambavyo sitavitaja hapa. Nzi hutoka huko na kuja kutua juu ya dagaa. Watu wazima huuruka mtaro huo huku wakiendelea na mazungumzo yao, kana kwamba wanaruka kijito cha maji safi.

Luhende yuko darasa la sita, naye ni mwenyekiti wa Klabu ya Afya shuleni. Wakati wa masika, yeye na wenzake walipiga picha za mtaro huo kwa kamera ambayo Mwalimu Venant aliiazima. Picha zikahamishiwa kwenye flashi ya shule na kamera ikarudishwa kwa mwenyewe. Sasa kiangazi kilikuwa kimefika, mtaro umekauka, na mtu angeweza kuapa kwamba haujawahi kufurika. Bwana afya wa kata alikuwa anakuja kwenye mkutano wa mtaa siku ya Ijumaa. Bila zile picha, hakuna ambaye angewaamini watoto, na masika yajayo tungekula tena dagaa wa mtaroni.

Jumatano Mwalimu Venant alimkabidhi Luhende flashi aipeleke steshenari, picha zichapwe kubwa. Njiani Luhende akapita kwa Ngosha kinyozi. Ngosha ana kompyuta ya kupigia muziki, na yeyote anayetaka nyimbo huchomeka flashi yake pale pale ambapo mwingine ametoka kuchomoa ya kwake. Luhende alitaka nyimbo za kusikiliza kwenye redio yetu. Alipoona jioni inaingia, akaichomoa flashi kwa nguvu huku nyimbo zikiwa bado zinaingia, akakimbia.

Steshenari hawakuona picha hata moja. Kulikuwa na vialama vyenye mshale mdogo tu, na kila kimoja kilipobonyezwa hakikufungua kitu. Dada wa pale akamwambia flashi yake imekufa. Luhende akarudi nyumbani, akala ugali, wala hakumwambia mtu.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nageuza dagaa nilipoona kitu cheusi katikati yao. Kilikuwa na magamba, kimelowa utelezi, na nzi mkubwa wa kijani amekaa juu yake. Ilikuwa flashi ya shule.

"Nani ameweka hii hapa?" nikauliza.

Luhende akaja mbio, macho yamemtoka. Alisema kwamba imeisha nguvu, kwa hiyo ameianika ili jua liiamshe. Bibi hufanya hivyo na betri za tochi: huziuma kidogo, kisha huzianika, na tochi huwaka tena.

"Kwa hiyo umeiuma?"

"Nimeiuma kidogo. Halafu nikailamba pale kwenye chuma, kutoa vumbi."

"Kabla ya kuiweka kwenye dagaa au baada?"

Luhende akaangalia miguu yake. Nilitaka kumgombeza mpaka asikie vizuri, lakini alikuwa ameanza kulia, akisema kwamba kesho bwana afya atakuja na hana kitu cha kumwonyesha. Nikaifunga flashi kwenye mfuko wa nailoni, nikaushika mfuko ule kwa mbali.

Baada ya masomo tulikwenda mjini kwa Mama Priya, ambaye hutengeneza kompyuta za shule yetu. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akafungua mfuko. Aliufunga upesi.

"Mmeniletea flashi au mmeniletea samaki?" akauliza.

Aliishika kwa vidole viwili, akaisugua kwa pamba yenye spiriti, akaiacha ikauke vizuri. Pamba ilitoka nyeusi, na harufu ikabaki dukani. Akamuuliza Luhende kama flashi hiyo imewahi kuchomekwa mahali pengine, labda kwa watu wa nyimbo. Luhende akasema hapana, ni kompyuta ya shule na ya steshenari tu. Nami nikamwamini.

Mama Priya akavuta kiti kwenye kompyuta yake kubwa. Kiooni palikuwa na picha za harusi ya watu, na pembeni kazi za wanafunzi wa chuo waliomwachia azichape. Alishika flashi, akaisogeza karibu na tundu. Luhende alimtazama yule bibi harusi aliyekuwa akicheka kiooni.

"Mama Priya, subiri," akasema. "Nimekudanganya. Niliichomeka kwa Ngosha kinyozi. Kila mtu anachomeka pale. Na niliichomoa nyimbo zikiwa bado zinaingia."

Mama Priya aliirudisha flashi mezani polepole. Kisha akasema kwamba angeichomeka pale, uchafu wa kwa Ngosha ungeweza kuingia kwenye kazi za wateja wake, na yeye angewaeleza nini?

Alikwenda kwenye kompyuta kuukuu iliyokaa kona peke yake, isiyounganishwa na nyingine. Aliiita wodi ya wagonjwa. Akachomeka flashi humo, akaikagua kwa programu ya kusaka virusi, na orodha nyekundu ikajaa kioo kizima. Niligeuza uso. Alitueleza kwamba picha hazikufutika. Kirusi kilizificha, kikaweka vile vialama vya uongo mahali pake. Alipoiagiza kompyuta ionyeshe mafaili yaliyofichwa, mtaro wetu ulitokea, pamoja na mapovu yake na nepi zake. Mama Priya akajiziba pua kwa ncha ya mtandio, kana kwamba picha nayo inanuka. Mbili zilikuwa zimeharibika kwa kuchomolewa ovyo, nyingine zote zilikuwa nzima. Alizinakili pembeni, akaisafisha flashi yote, kisha akazirudisha na kutuchapia zile nzima kwa ukubwa.

"Flashi ikigoma, usiilambe," alimwambia Luhende. "Jaribu tundu jingine. Ikikataa, ilete kwa fundi umweleze ilikopita yote. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na usiichomeke kila mahali. Mswaki wako unawaazimisha wateja wa kinyozi?"

Jioni ile Luhende alimweleza mama mambo yote mwenyewe. Mama alisikiliza, akawatenga dagaa wa wavu ule, akawapa bata.

Ijumaa picha zilibandikwa ubaoni mbele ya mkutano. Watu walizitazama, wakatema mate pembeni, wakasema wanaofanya hivyo hawana haya. Bwana afya akaweka kidole kwenye picha moja. Kulikuwa na bomba linalomwaga maji machafu mtaroni, limefungwa kitambaa cha bluu. Akauliza ni la nani.

Mimi nililijua. Lilitoka nyuma ya bafu letu, na kitambaa kile kilikuwa kipande cha sketi yangu ya zamani. Maji yote niliyojisafishia kwa sabuni nyingi yalikuwa yakienda kwa dagaa. Nilijionea kinyaa kuliko nilivyowahi kumwonea mtu.

Mama akasimama.

"Bomba hilo ni langu," alisema. "Jana mwanangu alisema kweli mbele ya mtu aliyeweza kumfukuza. Leo nikikaa kimya, nitamfundisha nini? Uchafu ukiufunika hauondoki. Unahamia kwenye chakula cha mwenzako, kisha unarudi kwenye sahani yako."

Mzee Nestory, jirani yetu, akasimama na kusema bomba la picha inayofuata ni lake. Kisha wakasimama wengine. Bwana afya akapanga nao kuchimba mashimo ya maji machafu, kuanzia kesho yake, nyumba kwa nyumba.

Jumamosi asubuhi tuliamka mapema kuchimba letu. Mama alinipa koleo, akaniambia sabuni nitaikuta jioni.