Kuba Isiyo na Boriti

Zama zile Kilwa ilipovaa hariri hata siku ya kufua, mwashi mmoja wa mji huo, Mshamu bin Ngwali, alijenga kuba ikaanguka, ikamuua mwanawe wa pekee. Toka hapo hakuingia tena chini ya paa. Alilala uani, akaswali uani, mvua ikimnyea. Watu wakasema karukwa na akili. Wapi! Alikuwa akiiogopa mikono yake mwenyewe.

Mwishowe alifunga safari kwenda Uajemi, nchi ya makuba, akaulize kosa lake lilikuwa wapi. Jangwani wanyang'anyi walimvua kilemba na jambia, wakamwachia kikoi na kiu. Akazidi kwenda hivyo hivyo, hata asubuhi moja Yazd ikamtokea, mji wa udongo wenye rangi ya mkate, minara ya juu ya nyumba ikiunasa upepo na kuushusha vyumbani. Alipofika kwenye lango la msikiti wa Ijumaa, akaona vigae vya samawati vimepanda, vimepanda, mpaka hajui mbingu imeanzia wapi. Alisimama pale akasahau kuomba maji. Ndani hakuingia.

Akamkuta Ustadh Farukhi, mzee wa waashi, akijenga kuba juu ya kaburi la bibi mmoja mcha Mungu. Mshamu akauliza kwa Kiarabu boriti za kuishikilia ziko wapi, maana kwao hata kuba hujengwa juu ya boriti, na paa bila boriti ni ndoto. Waashi wakacheka hadi wakaweka chini vyombo vyao. Mzee hakucheka. Akamweleza kwamba kila duara la matofali likishakamilika hujishika lenyewe, na jasi inayoyaunganisha hukauka upesi.

Ndipo Mshamu akamsimulia habari za mwanawe, akataka kujua alikosea wapi.

"Kuba yako sikuiona, siwezi kuihukumu," mzee akanena. "Mikono yako naweza kuijaribu."

Desturi yao ilikuwa hii: tofali la mwisho huwekwa na mkono mwingine, naye ustadh hukaa chini yake, ili kama kuna kasoro, imwanze yeye. Mzee akamchagua mgeni. Waashi wakanung'unika, lakini nani ambishie Farukhi?

Mshamu akapanda. Kupitia tundu lililobaki alimwona mzee ametandika zulia, amejilaza chali. Akashindwa. Akaomba mwingine ashike tofali.

"Weka, fundi, nipate kulala," sauti ikapanda kutoka chini. "Jua linanichoma macho."

Akaweka. Akalishikilia mpaka jasi ikashika. Tundu likazibika, na mzee hakuonekana tena. Mshamu akamwita, kimya. Akaita tena. Akashuka ngazi mbio, akaupita mlango bila kukumbuka kuwa ni mlango.

Ndani mlikuwa na ubaridi na kiza chepesi. Mzee alikuwa akikoroma. Mshamu akatazama juu, kisha akaketi, akamlilia mwanawe kwa sauti, naye hakuwa amemlilia hata siku ya maziko. Kuba ikakizungusha kilio chake polepole.

Mzee hakufumbua macho. Alijisogeza tu kwenye zulia, akampa nafasi.