Kohoa, Mwanangu

Bibi alicheka. Katika nyumba nyingine hilo lingekuwa jambo la kushukuru, lakini nyumba hii ilikuwa na msiba wa miezi mitatu, na tangu siku alipozikwa mjukuu wake, Bibi hakufungua kinywa ila kumeza chakula na kuuliza kama kumekucha, maana macho yake yalikwisha potea miaka tisa nyuma. Sasa ni saa saba mchana, jua la utosi, mtaa mzima umejifungia ndani, naye anacheka peke yake chumbani mpaka kitanda kinalia.

Binti yake, mshonaji, alisimamisha cherehani chumba cha mbele akatega sikio. Akamsikia mama yake akisema taratibu, kwa sauti ya kubembeleza, "Haya, endelea, mjukuu wangu. Huyo mwizi wa kuku akafanyaje?"

Mjukuu mwenyewe ndiye huyo aliyezikwa. Alikuwa binti wa miaka kumi na miwili, nyumbani wakimwita Kasuku, kwa sababu alisoma kwa sauti kila kilichoandikwa: mabango, pakiti za sabuni, hata karatasi za dawa zake mwenyewe. Alizaliwa na kifua kibovu. Hakuwahi kumaliza ukurasa bila kukohoa, kikohozi kidogo kikavu, kho, kho, kho, mara tatu, kisha husema "samahani, Bibi" na kuendelea pale alipoachia. Kila mchana akitoka shule alimsomea bibi yake hadithi. Alipoanza kulazwa kila mara akaona Bibi atabaki mkiwa, basi akakaa mbele ya kompyuta kuukuu ya nyumbani akarekodi hadithi arobaini na moja, na juu ya kitufe cha kubonyeza akadondosha tone la rangi ya kucha likakauka, ili kidole cha Bibi kikipapasa kilitambue.

Hizo sauti arobaini na moja ndizo alizobakiwa nazo mama yake Kasuku, yule mshonaji. Picha zipo, lakini picha haikuombi samahani.

Na hizo sauti alikuwa amezipoteza kwa mkono wake mwenyewe. Wiki mbili kabla ya kicheko kile, kompyuta ilianza yenyewe kusasisha mfumo wake. Betri ilikwisha kufa zamani, ikawa inaishi kwa waya tu. Kioo kikageuka buluu, kikaandika kwamba mabadiliko yanafanyika, asilimia kadhaa, usizime. Yeye ni mtu wa sindano na uzi. Katika maneno yote yale aliona moja tu, mabadiliko, na moyo ukamwambia sauti za mwanao zinafutwa huku unaangalia. Namba ilipofika sitini na nne aliruka akang'oa plagi ukutani. Kuanzia hapo, ukiiwasha ni vidoti tu vinazunguka, vinazunguka, na havifiki popote. Hakumwambia mtu. Alijifungia akalia siku mbili, akijihesabu kuwa amemzika mwanawe mara ya pili.

Kwa hiyo alipoingia chumbani mchana ule alijua kabisa hakuna sauti inayoweza kutoka kwenye kompyuta ile. Alimkuta Bibi amelaza sikio juu ya kifuniko cha kompyuta, na plagi iko chini sakafuni, mbali na ukuta. Chumba kilinuka udongo mbichi, ule unaotoka kuchimbwa sasa hivi, na sakafu ya nyumba ile ni saruji kutoka mlangoni hadi mlangoni.

"Alikuwa ananisomea," Bibi alisema. "Na kifua kimemfunguka, mwanangu. Ukurasa mzima hakukohoa hata mara moja."

Kesho yake, saa saba, mshonaji alisimama nyuma ya mlango akaisikia kwa masikio yake. Sauti ya Kasuku, nyororo, imetulia, inasoma bila kukata pumzi. Mwingine angepiga yowe na mtaa ukajaa. Yeye alikaa chini pale pale, akasikiliza mpaka mwisho, machozi yanamtoka kwa furaha aliyoisahau. Tusimlaumu. Miaka kumi na miwili alilala akihesabu pumzi za mtoto, na huyu hapa mtoto anapumua kama watoto wa wenzake.

Siku tano akawa anaacha cherehani ikifika saa saba. Wateja wakaanza kununa, nguo za watu zinalala nusu. Siku ya tatu aligundua kwamba hadithi hizi hazikuwa miongoni mwa zile arobaini na moja. Siku ya nne aligundua kwamba zote zinaishia mahali pamoja: kikongwe anainuka kitandani, anashikwa mkono na mtoto, wanatoka zao. Siku ya tano Bibi alikataa chakula, akasema atakula huko waendako. Mshonaji aliyaona yote hayo, akajifanya hayaoni, kwa sababu akiyaona itambidi afanye jambo.

Siku ya sita alichelewa kwa mteja aliyekuja kupimwa gauni, na alipokwenda chumbani kitanda kilikuwa kitupu. Alitoka mbio bila viatu, akamwona mama yake katikati ya barabara ya lami, jua linawaka, hakuna mtu mwingine mbele wala nyuma, anatembea hatua ndogo ndogo za uhakika, yeye ambaye kwa miaka tisa hakuvuka kizingiti bila kushikwa, na mkono wake wa kulia umenyooka mbele na kushuka chini kidogo, kwa kimo cha mtoto wa miaka kumi na miwili, vidole vimefumbata kitu kisichoonekana, na lori la maji limefunga breki hatua mbili kutoka kwake, dereva ameshika kichwa. Alipomrudisha ndani na kumpangusa, aliona kwenye kifundo cha mkono ule alama tano za vidole vidogo, za udongo mbichi. Alizisugua kwa sabuni, hazikutoka.

Ndipo alipokwenda kumwita Bisibisi.

Bisibisi alikuwa fundi wa kompyuta mtaa wa pili, mtu wa maneno mengi, bisibisi yake nyuma ya sikio saa zote, hata msikitini walikuwa wakimkumbusha aitoe. Alimwamkia Bibi, akaitikiwa kwa shingo upande, maana Bibi alikataa kompyuta isitoke chumbani. Fundi akasema hakuna neno, ataitibu kitandani kama daktari wa matajiri. Akaeleza kwamba mfumo ulikatwa njiani: si wa zamani tena, na wala haujawa mpya, uko katikati, na vitu vya namna hiyo havijijui ni nini. Sauti huenda zimo, salama. Atatoa diski, aiunganishe na kompyuta yake, azihamishe. Mshonaji alimbusu mkono.

Diski ilifunguka. Arobaini na moja zote zilikuwemo, kila moja na jina lake. Lakini kila aliyoigusa ili aihamishe, kompyuta ya fundi ilikataa, ikaandika kwamba faili hilo linatumiwa na mwingine.

"Mwingine nani?" Bisibisi alicheka. "Diski yenyewe ninayo mkononi."

Saa ya ukutani ilikuwa inagonga saa saba. Na kutoka kwenye ile kompyuta kuukuu, iliyolala kitandani imefumuliwa, haina diski, haina betri, haina waya, sauti ya Kasuku ikaanza kusoma. Bibi akatabasamu. Bisibisi alitoa bisibisi nyuma ya sikio akaiweka chini polepole.

Alinong'ona kwamba amebakiwa na njia moja: kuirudisha kompyuta ilivyokuwa kabla ya siku ile, hatua kwa hatua, hadi ile nafasi ya katikati ifungwe. "Lakini dada, nikianza, safari hii isikatwe. Ikikatwa tena, sauti zimekwenda, na huyu anayesoma atabaki humu daima."

Wakarudisha diski, wakachomeka waya, wakaanza. Kumi. Ishirini. Sauti iliendelea kusoma, ikizidi kuharakisha. Arobaini. Harufu ya udongo ilijaa chumba mpaka ikawa inaonjeka kwenye ulimi. Hamsini. Sitini. Sitini na nne, na namba ikasimama.

"Mama," ilisema sauti. "Chomoa."

Mshonaji hakukumbuka kuinuka, lakini alikuwa amepiga magoti ukutani na mkono wake uko juu ya plagi.

"Siku ile ulichomoa, mama, nikapata pa kuingilia. Sasa unanifungia nje. Huku nilipo hakuna mtu. Chomoa nikae na nyie."

"Chomoa, mwanangu," alisema Bibi kutoka kitandani, analia. "Mtoto ameomba."

Fundi midomo ilimcheza tu, anasoma dua anazozikumbuka nusu nusu. Na mshonaji, mkono juu ya plagi, alijua kwamba akivuta kidogo tu atamsikia mwanawe kila mchana hadi siku yake ya mwisho, mzima wa afya, kifua kimefunguka, na alijua pia kwamba Bibi atatoka tena barabarani na siku hiyo hakutakuwa na dereva wa kufunga breki, na baada ya Bibi ni zamu yake yeye, na kilichomtisha kupita yote ni kwamba hilo la mwisho halikumtisha. Akasema neno ambalo hakuna mama aliyepata kumwambia mtoto mgonjwa.

"Kohoa, mwanangu."

Namba ilibaki sitini na nne.

"Kohoa kama ulivyokuwa unakohoa, nikujue. Ukikohoa nachomoa. Naapa."

Kikaja kikohozi. Kilitoka chini sana, kizito na kirefu, cha kifua kikubwa kuliko chumba kile, na miguu ya kitanda ikatetemeka sakafuni. Kikaja cha pili, na kilikuwa cha Bibi. Kikaja cha tatu, naye mshonaji akakitambua kuwa ni chake mwenyewe. Kisha sauti ya Kasuku ikarudi, nyororo, karibu na sikio lake, imejaa huzuni.

"Mama. Mbona unataka niumwe?"

Vidole vyake viliachia plagi. Hakuwa shujaa, vilikufa ganzi tu. Alirudi nyuma akaketi sakafuni, akaikalia mikono yake yote miwili asiitumie tena. "Mwanangu akikohoa huomba samahani," alisema, na zaidi ya hapo alilia tu.

Sitini na tano. Sabini. Kitu kilipita katikati yao kuelekea mlangoni, pazia likanyanyuka na mchana ule haukuwa na upepo. Ilipofika mia, chumba kilinuka chumba, nguo za kufua na mafuta ya Bibi. Bisibisi alikusanya vifaa vyake, akaaga bila mzaha hata mmoja. Bisibisi yake aliisahau pale chini, na mpaka leo hajaifuata.

Sauti zilikuwemo zote. Jioni ile mshonaji aliweka ya mwisho, ya arobaini na moja, akaisogeza kompyuta karibu na sikio la mama yake. Kasuku alisoma mistari sita. Kho, kho, kho. "Samahani, Bibi."

Bibi alivuta kichwa chake nyuma.

"Huyu anaumwa," alisema. "Wangu mimi alikwisha pona. Mmempeleka wapi?"

Alimweleza, akamweleza tena, akampigia magoti. Bibi aliusukuma mkono wake, akageukia ukutani. Lile tone la rangi ya kucha hakulipapasa tena. Ila ikifika saa saba mchana huinuka, huketi ukingoni mwa kitanda, hunyoosha mkono wa kulia mbele na kuushusha kidogo, akingoja, na alama zile tano zipo pale pale. Mshonaji siku hizi hufunga mlango kwa ufunguo, na ufunguo huuvaa shingoni.

Kompyuta aliihamishia kwake. Siku ya kwanza alipofunga cherehani aliiwasha, akakaa, akasikiliza. Kilipokuja kile kikohozi kikavu, mara tatu, alikuwa ameshasimama yuko jikoni, amewasha moto, maji ya uvuguvugu, yale aliyozoea kumpa mtoto akikohoa, ameyabandika. Aliyamimina katika kikombe kidogo cha Kasuku, akarudi nacho, akakishika kwa mikono miwili mpaka hadithi ikaisha na maji yakapoa.