Ndani Hakukuwa Salama

Mchana ule mkewe aliporuhusiwa kutoka hospitali, Fundi alikuwa amesimama kando ya teksi, ameushikilia mlango wa nyuma wazi. Shati jeupe alikuwa amelipiga pasi mwenyewe, likatoka na mikunjo mahali isipotakiwa. Miwani, mkewe, alitoka polepole, mkono mmoja tumboni kana kwamba bado kulikuwa na kitu cha kushikilia. Gauni la kijani lililokuwa likimbana wiki iliyopita sasa lilimpwaya. Alimpita mumewe kama mtu anavyompita bawabu, akaingia kwenye gari la dada yake, akafunga mlango.

"Mke wangu," Fundi aliita, "gari ni hili."

Aliyejibu ni dada mtu, funguo mkononi. "Mwache akapumzike kwangu, shemeji."

"Mpaka lini?"

"Mpaka utakapojua ulichomwambia."

Gari likaondoka. Dereva wa teksi akauliza kama safari bado ipo, na Fundi akabaki ameduwaa, mkono bado mlangoni. Alichomwambia mkewe alikijua neno kwa neno. Tatizo ni kwamba hata pale, mbele ya teksi tupu, aliamini kuwa alisema kweli.

Wale wawili walijuana kwa sauti kabla ya sura. Fundi alikuwa akitengeneza lifti katika jengo refu, maduka chini na maofisi juu. Siku moja, saa ya chakula cha mchana, watu wakisukumana ukumbini, lifti ya kushoto ilikwama katikati ya ghorofa mbili. Ndani kulikuwa na mtu mmoja, muuza miwani wa ghorofa ya tano.

"Wewe uliye nje," sauti ilitoka kwenye simu ya dharura, "unajua kazi au umetumwa kunibembeleza?"

"Yote mawili, dada. Uko mzima?"

"Nina njaa. Mlango umeacha upenyo, naiona sakafu ya nje kabisa. Napenya."

"Usithubutu!" Fundi alipaza sauti mpaka watu ukumbini wakageuka. "Nisikilize. Wanaoumia kwenye lifti ni wale wanaolazimisha kutoka. Anayetulia hadhuriki. Ndani ni salama. Kaa chini, tuzungumze."

"Tuzungumze nini?"

"Lolote. Umevaa nini?"

"Eti nimevaa nini! Fundi gani wewe?"

"Nauliza kama una mtandio mrefu, usije ukanasa mlangoni."

"Muongo mkubwa!" alisema, akacheka, na Fundi akajikuta anakaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakazwa.

Mlango ulipofunguka alitoka mwanamke mwembamba mwenye blauzi ya manjano, miwani moja machoni, nyingine ameisahau kichwani. Tangu siku hiyo akawa Miwani. Haukupita mwaka wakaoana, na yale maneno ya kwenye lifti yakawa maneno ya nyumbani. Mvua ikinyesha, Fundi alimvuta mkewe blanketini: "Usitoke, laazizi, ndani ni salama." Mimba ilipoonekana, alipiga magoti na kuliambia tumbo vivyo hivyo, na Miwani akamsukuma kwa goti akisema mtoto atazaliwa akidhani baba yake ni kasuku.

Simu ilimkuta Fundi juu ya lifti, grisi mpaka kwenye viwiko.

"Mume wangu, usishtuke."

"Ukisema hivyo nimeshashtuka."

"Uchungu umenianza dukani. Mteja nimemwacha na fremu puani. Niko hospitali, wamenilaza."

"Uchungu wa nini? Si mwezi wa saba ndio kwanza umeingia?"

"Ndivyo na wao wanavyojiuliza. Wanataka kunichoma sindano tumboni, wachote kidogo yale maji anayoelea mtoto, wayapime. Wanasema uchungu wa mapema hivi mara nyingine huletwa na wadudu walioingia kwenye mji wa mimba."

"Una homa?"

"Sina. Nina njaa tu, si unanijua."

"Basi huna wadudu. Wakupe dawa ya kuzuia uchungu, mtoto abaki mahali pake. Hayo majibu yenyewe si yatatoka wiki ijayo?"

"Hayo ya zamani, ya kusubiri wadudu waote maabara. Hiki ni kipimo cha hapo hapo. Hujamaliza kunawa hiyo grisi yako, watakuwa wameshajua."

Ikawa kama alivyosema. Mikono ya Fundi ilikuwa bado na povu simu ilipolia tena. Sauti ya Miwani ilikuwa imeshuka.

"Maji yana maambukizi. Tena makali. Hawazuii uchungu tena, wanasema azaliwe leo."

"Leo? Huyo mtoto si atakuwa mdogo kama kiganja?"

"Wanasema akibaki humo atakufa."

"Na wewe unajisikiaje?"

"Mzima."

"Mtu mzima, hana homa, anaongea na simu, halafu kipimo cha kufumba na kufumbua kimtoe mtoto! Kataa. Nakuja sasa hivi. Usikubali atoke, umenisikia? Ndani ni salama."

Upande wa pili yakasikika magurudumu ya kitanda.

"Laazizi?"

"Nimeshakubali," Miwani alisema. "Nisamehe."

Binti yao alizaliwa jioni ile. Walimweka kwenye sanduku la kioo lenye joto, mirija puani, soksi moja ya sufu imekuwa kofia yake. Fundi hakubanduka pale kiooni. Asubuhi mtoto akaacha kupumua, na muuguzi akazima mashine taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha watu.

Jioni, akitoka kumzika, Fundi alikwenda wodini kwa mkewe. Dada mtu alikuwepo, anamsuka nywele. Maneno yakamtoka kabla hajakaa.

"Ungemwacha ndani angekuwa hai. Wewe ndiye uliyefungua mlango."

Dada mtu alidondosha kitana. Miwani hakulia. Alimtazama mumewe kwa makini sana, macho ameyakunja, kama anayesoma herufi zilizokuwa ndogo mno kwake. Baada ya hapo hakumsemesha tena.

Kwa dada yake akakaa, na simu haikupokelewa. Fundi aliandika ujumbe akafuta, akaandika akafuta. Kazini wenzake waliacha mizaha yao akiingia. Hasira ndiyo iliyomweka wima, na hasira hiyo ndiyo iliyompeleka mpaka mlangoni kwa daktari aliyemhudumia mkewe.

"Nimekuja mniambie ukweli," alisema. "Kile kipimo chenu kilikosea."

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wake, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hakukasirika. Alifunga mlango, akamvutia kiti.

"Natamani kingekosea. Maji yale tuliyaotesha maabara pia, kwa njia ya zamani. Majibu yametoka baada ya mazishi: wadudu tuliowahofia ndio waliomo. Kondo la nyuma lilitoka na usaha."

"Lakini hakuwa na homa! Alikuwa anacheka!"

"Wengi wako hivyo, kaka. Mama hasikii kitu, na mtoto anaugua humo humo tumboni. Binti yako alizaliwa mgonjwa tayari. Hatukumuwahi." Akasukuma faili pembeni. "Mama ndiye tuliyemuwahi."

"Mlimuwahi asipatwe na nini?"

Daktari alimtazama kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. "Hajakuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Baada ya kujifungua homa ilimpanda ghafla, presha ikaporomoka, akawa anaweweseka. Nusura yake ni kwamba dawa tulishamwanzishia, kwa sababu ya kipimo kile. Tungezuia uchungu tukasubiri, ungezika wawili."

Fundi aliinuka kitini, akakaa tena. "Mimi nilikuwa hapa hapa hospitali. Mbona hamkuniita?"

"Muuguzi alikuwa ameshageuka kando ya kitanda kwenda kukuita. Mkeo akapata fahamu kidogo, akamshika nguo. Akasema, 'Mwacheni akae na mwanawe. Hana muda naye mrefu.'"

Fundi alibaki pale kitini. Daktari alimwekea maji ya kunywa, akaitwa, akatoka, akarudi, akamkuta vile vile, bilauri haijaguswa.

Kwa dada mtu mlango ulifunguliwa robo.

"Leo umekuja kumlaumu nani? Maana hata paka hatuna."

"Nimekuja kujilaumu mimi, shemeji."

Dada mtu alimpima kwa macho kutoka juu hadi chini. "Hiyo ungeanza nayo. Vua viatu, nimedeki."

Miwani alikuwa kwenye ukingo wa kitanda, kanga begani, anakunja nguo zilizokwishakunjwa. Jua la alasiri lilimpiga ubavuni. Fundi alikaa sakafuni karibu na mlango.

"Daktari ameniambia," alisema. "Homa. Na kwamba uliwakataza wasiniite."

Miwani alikunja blauzi, akaikunjua. "Ulikuwa na mtoto."

"Mbona hukusema?"

"Uliingia ukasema nimefungua mlango. Ningekuambia wakati gani?"

"Nilikuongelesha kama mtu aliyekwama kwenye lifti." Fundi aliitazama mikono yake. "Ndiyo kazi ninayoijua, mke wangu. Nikadhani aliye ndani ya chochote yuko salama."

"Kwani mimi sikudhani hivyo? Unafikiri nilikubali kirahisi? Majibu yalipotoka niliwaomba wapime tena. Nikawaambia mume wangu hatanielewa. Wakapima tena mbele yangu. Yakatoka yale yale." Blauzi ikamponyoka. "Nilikusubiri useme, 'Kubali, tuko wote.' Nilikuwa nahitaji mtu mmoja tu aniambie hivyo."

Fundi alisogea, akaiokota blauzi. Akasema, akiwa amechelewa na akijua amechelewa: "Ulifanya vyema kukubali. Tulikuwa wote."

Hapo ndipo Miwani alipolia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu msiba uwafike, na dada mtu akafungulia redio jikoni ili wasijisikie wanasikilizwa. Kilio kilipopungua, Miwani alijifuta kwa kanga.

"Alikushika kidole?"

"Nani?"

"Binti yako. Mimi sikuwahi kumgusa. Nilipozinduka alikuwa ameshaondoka."

Fundi alinyoosha mkono. "Hiki hapa. Kulikuwa na tundu ubavuni mwa kile kioo, muuguzi akaniambia niingize mkono. Akakishika. Ana nguvu huyo, huwezi kuamini."

"Nywele?"

"Tele. Mpaka kwenye masikio."

"Nisimulie tangu mwanzo. Usiruke."

Alisimulia, naye akamkatiza kwa maswali: kope, kucha, alivyopiga chafya. Jua likashuka ukutani, na Fundi alikuwa amehamia kitandani bila kukumbuka alivyofika. Dada mtu aliwaletea chai akaondoka bila kutia neno, jambo ambalo si kawaida yake.

Miwani alirudi nyumbani wiki iliyofuata, na sasa amerudi dukani. Mteja akimuuliza kama ana mtoto, hujibu kwamba alikuwa naye mmoja, wa kike, kisha humwomba afunge jicho la kushoto na kusoma mstari wa juu.