Funguo Juu ya Bawa

Nasur alikutwa saa saba mchana, Jumanne moja ya mwaka 1988, uani nyuma ya duka lake la kuchapa ramani mjini Mbarara. Alikuwa amelala juu ya meza yake ya kazi, na mtu alikuwa amemfunika kitambaa cheusi, yeye pamoja na meza. Fuvu lilipasuliwa kwa kipande cha chuma alichozoea kukandamizia kioo. Aliyeinua pembe ya kitambaa na kuuona uso wake ni mteja, Byamungu, mkimbizi Mkongomani wa kambi ya Nakivale. Alipiga kelele za kuomba msaada, na majirani, kwa ukarimu wao, wakampiga kwanza, maswali wakayaacha ya baadaye.

Sajini Herbert Bashaija wa upelelezi alimkuta kituoni, amefungwa kamba, shati limejaa damu. Katika mfuko wake mlikuwa na michoro ya ndege: bawa, mkia, tumbo, kila kipande kwa ukubwa wake kamili. Inspekta alikuwa amechangamka mno.

"Herbert, hii mkimbizi iko na ramani ya ndege. Iko adui. Watu ya usalama nakuja kuchukua yeye saa kumi na mbili."

Herbert alijua maana yake. Waliochukuliwa saa kumi na mbili hawakuwahi kurudi hata kudai viatu vyao, na pale chini ya kaunta viatu vilikuwa vimejaa. Alivuta kiti.

"Ndege hizi ni za nini?"

"Za batoto, shefu. Tunabandika karatasi juu ya povu nyeupe ya maboksi, tunakata mule mule ku mistari, tunaunga na gundi. Inaruka muzuri. Mimi nachora, Nasur anachapa. Hakuwa ananilipisha."

"Povu unaitoa wapi?"

"Nasur ndiye alikuwa ananipatia. Sijui fasi anaitosha." Alilamba mdomo uliopasuka. "Ya kwanza nilitengenezea binti yangu, Furaha. Walimuchanja surua, nilikuwepo, nilimushika mukono. Surua ikamubeba vile vile. Ndege ikamalizika yeye amekwisha kufa, nikaiweka ku kaburi."

Herbert hakuwa mtu wa huruma nyingi. Kazi ilikuwa imeila. Lakini muuaji anayeita majirani waje kumshuhudia alikuwa bado hajamwona. Akarudi dukani.

Uani, rafuni, kulikuwa na vifuniko vya povu, safi, vingine vimevunjika pembe. Kila kimoja kilikuwa kimebanduliwa lebo. Kimoja tu kilibakiwa na kipande chenye picha ya barafu na jina la dawa. Asubuhi ile ile Herbert alikuwa amenunua samaki wa ziwa Nakivale sokoni, na muuzaji alimtolea kwenye boksi la povu kama hiyo. Akakitia kifuniko kwapani.

Swabulah, mjane wa Nasur, alikuwa amekaa mkekani karibu na meza iliyokwisha ondolewa maiti, macho makavu. Kando yake alisimama Abubaker, rafiki wa marehemu na mtunza ghala la dawa huko Nakivale. Alikuwa amekwisha nunua sanda. Funguo tatu kwenye pete moja zilizunguka kidoleni mwake, zikalia, zikazunguka tena.

"Mara ya mwisho ulifika hapa lini?" Herbert alimuuliza.

"Ijumaa, afande, baada ya swala. Leo nimeshinda ghalani mpaka habari iliponifikia. Huyo mkimbizi msimwachie. Nasur alimlisha, naye akamlipa hivi."

Herbert akamgeukia mjane. "Nnyabo, hii meza ilikuwa ya kazi gani?"

"Umeme umekatika tangu jana, afande, ndiyo alikuwa anachapa na jua. Chini anaweka karatasi ya manjano, juu yake mchoro, halafu kioo. Jua linaunguza yote, linabakiza tu pale penye kivuli cha mstari. Ukiipitisha kwenye moshi wa amonia, kilichobaki kinakuwa buluu." Aligusa kitambaa. "Hiki ni cha kuzuia jua. Aliyemuua ameogopa macho ya ghorofa ya jirani, akafunika. Karatasi nimeiviringisha, nimetia ndani ya mkebe. Haijapita kwenye moshi, bado kuiva."

"Ilikatwa lini?"

"Leo asubuhi. Nimeikata kwa mkono wangu, kwa ajili ya mchoro aliouacha Byamungu jana."

"Basi iivishe."

Lilikuwa ombi la kikatili, kumtaka mjane amalizie kazi ya mwisho ya mumewe kabla hajazikwa. Swabulah aliinuka, akachukua mkebe. Ndani ya chumba cha giza amonia iliwachoma wote macho, na hapo ndipo Abubaker alipotoa machozi yake ya kwanza siku ile.

Bawa lilijitokeza, buluu, mstari kwa mstari. Katikati yake kukatokea kitu ambacho Byamungu hakukichora: pete moja na funguo tatu, meno yote yakionekana.

"Lete hizo," Herbert alisema.

"Funguo ni funguo tu, afande. Mbarara nzima iko nazo."

Konstebo aliyefuatana na Herbert alimnyang'anya. Herbert akazilaza juu ya karatasi, ufunguo mmoja baada ya mwingine. Jino liliangukia jino, hata ule wa tatu uliomeguka ncha.

"Hapa vitu vinachapwa kwa ukubwa wake kamili, Abubaker. Uliziweka juu ya kioo mkiwa mnaongea, zikakaa juani muda wa kutosha. Karatasi imekatwa leo. Ijumaa haikuwepo." Akaweka kile kifuniko mbele yake. "Na hiki kilitoka ghalani kwako."

Abubaker alikisukuma kando kwa kidole.

"Yalikuwa maboksi tu," alisema. "Wauza samaki wanataka kitu kinachoshika baridi. Chanjo niliihamishia kwenye makatoni. Vifuniko vilivyovunjika nilimpa Nasur, mpaka juzi akaona lebo. Leo kaniambia watoto wanachomwa sindano zilizooza kwa joto, kwamba kesho anaenda kwa daktari. Nilimsihi, wallahi."

"Watoto wangapi?"

"Sikuhesabu. Kule watoto wanakufa kila siku, afande. Nani angejua?"

Swabulah alifunga chupa ya amonia, akaikaza kizibo. Kisha akaiokota ile sanda aliyoinunua Abubaker na kuitupa uani.

Herbert aliwahi kituoni kabla ya gari la watu wa usalama, lakini hakumwahi Inspekta. Vidole viwili vya mkono wa kulia wa Byamungu, ule wa kuchorea, vilikuwa vimevunjwa. Herbert alimfungua kamba, akamweleza kwamba muuaji ni mtunza ghala, na kwamba amekiri.

"Ghala ya dawa?" Byamungu aliuliza polepole. "Ile povu yote ilitoka kwake?"

"Ndiyo."

"Basi ilikuwa maboksi ya chanjo."

Herbert aliwahi kudanganya watu wengi ndani ya chumba kile. Safari hii aliitikia kwa kichwa.

Byamungu aliisukuma ile michoro irudi upande wa pili wa meza.

"Shefu, munipeleke Nakivale sasa hivi. Kuna kitu nataka kuondosha ku kaburi."

Herbert alikwenda kuomba gari. Inspekta alimjibu kwamba serikali haina petroli ya kubebea wakimbizi, kwa hiyo Byamungu akainama chini ya kaunta, akatafuta viatu vyake kati ya vile vingine, akavivaa kwa mkono mmoja, akaondoka kwa miguu.