Picha ya Ubao wa Jumanne

"Tuma ileile ya Jumanne, mpenzi. Nani ataangalia?"

Mwalimu alisema hivyo akiwa kwenye benchi la kibanda changu cha ushonaji, saa tatu asubuhi, anakunywa chai, na darasa lake la tatu linamsubiri. Wazazi walinichagua mimi nipige picha ya ubao kila asubuhi na kuituma kwenye kundi letu la simu, tujue kama walimu wanafundisha. Na mimi huyohuyo ndiye mchumba wa mwalimu huyu. Nikaandika: "Mwalimu yupo." Nikatuma.

Jamani, nilipenda hadi nikapofuka. Picha ile niliituma mara nne.

Siku ya kikao cha wazazi na walimu, mama mwenyekiti wetu alipekua mkoba wake.

"Miwani nimesahau. Hebu mjukuu wangu, tusomee tarehe zilizoandikwa ubaoni kwenye picha hizi."

Simu akampa binti yangu, wa darasa hilohilo la tatu. Mtoto akaikodolea macho.

"Soma, mwanangu," nikamwambia.

"Siwezi, mama. Hatujafundishwa."

Nilitamani ardhi inimeze. Jirani yangu akaichukua simu, akaangalia, akaguna.

"Zote nne ni Jumanne moja."

Nikasimama.

"Nimewadanganya. Siku hizo mwalimu alikuwa kwangu."

Kisha sauti ikatoka nyuma.

"Asilaumiwe peke yake," mwalimu alisema, kainamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyemwambia atume. Naona haya hata kuwatazama watoto wenu."

Nje, akanifuata.

"Na harusi yetu?"

"Siku mwanangu atakaponisomea kadi ya harusi mwenyewe, ndipo ulete wazee wako. Kabla ya hapo, kwangu usikanyage."

"Nimekuelewa."

Miezi saba sikukosa kwenye dirisha la darasa, naye hakukosa ubaoni. Tulisalimiana bila kutazamana. Picha nilipiga mpya kila siku, na kila nikiandika "Mwalimu yupo" uso uliniwaka.

Jioni moja nikamwita mwalimu kibandani. Nikampa binti yangu kadi niliyoiandika kwa mkono. Akafuata maneno kwa kidole, polepole.

"Fa-mi-lia... inawaalika... kwenye harusi ya mama na..."

Akanyanyua macho.

"Mama, hili si jina la mwalimu?"

"Ndilo. Endelea."

Akaendelea hadi mwisho. Mwalimu alikuwa bado amesimama mlangoni, kafunika uso kwa viganja, analia.

"Ingia," nikamwambia. "Chai ipo. Leo ni Jumamosi."