Jalada Lililotakiwa na Seneti

Mwili wa Lenox Kazungu ulikuwa ukining'inia katika masjala ya Bodi ya Visima, Frere Town, nyayo zake zikiwa shibiri moja tu juu ya sakafu. Ilikuwa Jumanne, saa mbili na robo asubuhi. Mezani pake palikuwa na karatasi iliyopigwa chapa, isiyo na sahihi: "Nimeliteketeza jalada la kisima cha Miritini. Siwezi kuikabili Kamati. Nisameheni."

Inspekta Eddah Thoya aliisoma mara mbili, kisha akaitia katika mfuko wa vielelezo.

"Afande, hii imejimaliza yenyewe," alisema Konstebo Odhiambo. "Mzee ameona Seneti inakuja, akajitoa mapema."

"Umepata kumwona karani wa masjala akiandika barua bila tarehe wala sahihi?"

"Hapana, Afande."

"Basi usiifunge kesi na marehemu hajashushwa."

Habari ya kisima hicho haikuwa ngeni kwake. Watoto wa Miritini walikuwa wakiumwa matumbo, wakipooza viungo, wakisahau hata herufi walizokwisha kujifunza. Hospitali ilisema ni sumu ya madini ya risasi. Kamati ya Seneti ikaja Mombasa kuuliza ni nani aliyejua, na alijua lini. Katiba imeipa Kamati uwezo wa Mahakama Kuu wa kumwita mtu yeyote na kudai hati yoyote. Mara mbili Bodi ilipeleka muhtasari. Mara ya tatu Kamati iliamuru jalada lenyewe, karatasi kwa karatasi, liletwe Alhamisi saa nne asubuhi. Na likaletwe na mtunzaji wake kwa mkono wake, naye aape.

Mtunzaji huyo ndiye aliyekuwa akikatwa kamba shingoni.

Mkurugenzi Tinga aliwapokea katika ofisi yenye baridi ya mashine. Alikuwa mtu wa miraba minne, tai imekaza shingoni, mikono ya shati imefungwa hadi viganjani. Nyuma ya kiti chake katoni za maji ya chupa zilipangwa hadi kufikia dirisha.

"Karibu maji, Inspekta."

Eddah alizitazama zile chupa. Bodi ya Visima!

"Ahsante, sina kiu. Jalada la Miritini uliliona mara ya mwisho lini?"

"Mwaka juzi. Mambo ya majalada ni ya makarani."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Niliondoka saa tisa. Nilikuwa na semina Bamburi."

"Marehemu alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mkaidi. Mjuaji. Nasikitika kusema, mwizi wa nyaraka za serikali."

"Hukusikitika sana, Bwana Mkurugenzi. Umelisema upesi."

Nje, katika kivuli cha lango, mjane alikuwa ameketi juu ya tofali, leso imemfunika mabega. Jina lake Dhahabu. Aliinuka kwa taabu.

"Inspekta, Mchungaji amekwisha kunijia. Asema aliyejitoa roho haingii kanisani. Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa miaka kumi na sita! Aliwazika wa watu, leo yeye azikwe kama mzoga?"

"Lini ataka kauli ya polisi?"

"Ijumaa. Jumamosi ndiyo maziko."

"Mumeo alikuambia nini mara ya mwisho?"

"Jumatatu asubuhi alinyoosha suti yake ya kanisani. Akasema, 'Mama, Alhamisi nimeitwa kwa jina langu.' Alifurahi kama bwana harusi. Mtu wa kujinyonga hunyoosha suti?"

Eddah hakuwa mtu wa kutoa faraja asiyoweza kuithibitisha. Alimshika mkono tu.

Jumatano asubuhi daktari mpasua maiti alimwonyesha shingo ya marehemu.

"Aliyejinyonga, alama ya kamba hupanda kuelekea sikioni. Hii hapa imepanda, lakini ilitiwa baada ya kufa. Chini yake ipo nyingine, pana, imezunguka shingo sawasawa kama mshipi. Ni ya kitambaa. Na kucha zina ngozi ya mtu mwingine."

"Aliuawa kwanza, akatundikwa baadaye."

"Hivyo hasa."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Eddah alirudi Frere Town, akaipita ofisi ya wakubwa bila kubisha, akamtafuta Mastura, katibu muhtasi, mwanamke mtulivu aliyeitumikia Bodi miaka ishirini.

"Shikamoo, Bi Mastura."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Vibaya. Nifundishe kazi ya masjala, kama unavyomfundisha mgeni siku ya kwanza."

Mastura alimwongoza mpaka kwenye rafu. Majalada yalisimama yamebanana, manjano yote. Katikati palikuwa na kipande cha kadi nyekundu kimechungulia.

"Kila jalada likitoka, karani huacha kadi mahali pake, apate kujua limekwenda kwa nani. Marehemu hakuwa na mzaha kwa hilo. Hata mimi nikimwomba jalada dakika moja, kadi kwanza."

Eddah alivaa glavu, akaivuta. Mwandiko ulikuwa wa kalamu ya wino, wima, wa mtu aliyechapwa viboko shuleni kwa ajili ya mwandiko: "Kisima cha Miritini. Limekwenda kwa Mkurugenzi mwenyewe. Jumatatu, saa kumi na dakika hamsini jioni."

"Wewe ulikuwapo?"

"Mimi hutoka saa kumi na nusu. Nilimwacha marehemu na Mkurugenzi, wao wawili."

"Naye aliniambia aliondoka saa tisa. Mbona hakuiondoa kadi?"

Mastura alicheka kicheko kikavu, kisha akajizuia kwa heshima ya maiti.

"Ataijulia wapi? Wallahi, miaka tisa sijamwona akikanyaga humu. Hupiga kengele, jalada likamfikia kama chai. Yeye hudhani majalada huota mezani."

"Na kama jalada limechomwa, limetoweka lote?"

"Yaliyoandikwa na wengine, ndiyo. Lakini kila barua itokayo hapa, nakala yake moja hutiwa kando, kwa tarehe. Hilo nalo hajui."

Walitafuta kwa muda wa saa nzima. Barua waliyoipata ilikuwa fupi, ya miaka mitatu iliyopita, imepelekwa kwa mkuu wa maabara: "Ripoti yenu nimeipokea, na kiwango cha risasi nimekiona. Asipewe mtu mwingine yeyote. Kisima kitaendelea kutumika." Chini yake sahihi ya Tinga, nene, yenye mikia.

Eddah aliketi juu ya ngazi ya rafu. Aliwahi kuwakamata wezi, wabakaji, na mtu aliyemchinja ndugu yake kwa ajili ya shamba. Hakupata kuona uchafu ulioandikwa kwa adabu namna hii.

Chumba cha mahojiano cha kituo cha Kisauni hakikuwa na mashine ya baridi. Tinga alitokwa na jasho.

"Joto, Bwana Mkurugenzi. Kunja mikono ya shati."

"Niko sawa."

"Kunja."

"Inspekta, mimi ni mtumishi mwandamizi wa..."

"Odhiambo, msaidie mtumishi mwandamizi."

Mikwaruzo minne ilionekana, kutoka kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko.

"Paka," alisema Tinga.

"Paka huyo amekufa, na ngozi yako iko kwenye kucha zake. Hii hapa kadi aliyoiacha rafuni. Hii hapa barua yako."

Aliitazama ile kadi kwa muda mrefu, kama mtu aonaye chombo asichojua matumizi yake.

"Kadi gani hii?"

"Ya masjala yako. Uliingia humo mara ngapi?"

"Mara moja," alijibu.

"Kumtundika karani."

Eddah aliisogeza ile barua mbele yake.

"Nikusomee yote, au utasema mwenyewe?"

"Nilimwomba atoe karatasi mbili tu!" alisema hatimaye. "Mbili, katika mia! Akasema ameitwa kwa jina lake, na ataapa kwa Biblia. Karani! Alilikumbatia jalada kama mtoto. Nikavua tai..."

"Na jalada?"

"Nililichoma nyuma ya nyumba yangu."

"Nani aliyekulipa ufiche ripoti?"

"Hakuna aliyenilipa. Nani angenilipa?" Alionekana ametukanwa. "Nilikifungua kile kisima mbele ya Waziri na kwaya tatu. Nilikunywa gilasi nzima, watu wakapiga makofi. Jina langu likachongwa kwenye jiwe. Ripoti ikaja siku tatu baadaye. Ningerudi kuwaambia nini? Kwamba nimekosea?"

"Ndiyo. Neno moja tu hilo."

"Ningechekwa."

Odhiambo, aliyekuwa akiandika maelezo, aliiweka kalamu chini, akatoka nje.

"Inspekta," alisema Tinga kwa sauti ya chini, "ile barua ni ya ndani. Bunge lina haki gani na barua za ndani?"

"Maji yalitoka nje, Bwana Tinga. Watoto waliyanywa. Tia sahihi hapa."

Alhamisi, saa nne kamili, Mastura aliipeleka nakala mbele ya Kamati, akaapa kwa Kurani, akaeleza mahali ilipotunzwa na ni nani aliyeitunza. Mwenyekiti aliisoma hadharani, neno kwa neno, akaamuru mbele ya mawakili wa Bodi kwamba pampu ya Miritini ifungwe kabla ya adhuhuri. Ikafungwa. Watoto waliokwisha kuharibika hawakurudishwa na amri yoyote.

Jumamosi Lenox Kazungu aliingizwa kanisani katika suti aliyoinyoosha. Kanisa lilijaa hadi barazani. Mchungaji alipanda mimbari, akaanza kumsifu marehemu, uaminifu wake, ushujaa wake, jinsi yeye mwenyewe hakupata kumshuku hata siku moja.

Dhahabu alisimama katika kiti cha mbele. Hakupaza sauti.

"Baba Mchungaji," alisema, "omba, kisha uketi."

Naye akaomba, akaketi.